Goti limeteguka na ligamenti imechanika: eksirei, MRI au siti skani, uanze na ipi?

Goti likiteguka watu wengi wanaulizia ligamenti tu (zile kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa). Imechanika, haijachanika, basi, wameishia hapo. Mfupa unasahaulika kabisa, wakati mfupa ndio mara nyingi unaoamua ukanyage lini, utembee na magongo muda gani, na kama ni oparesheni ya wiki hii au ni kitu cha kusubiri miezi. Na picha unayochagua kupiga ndio inaamua huo mfupa utaonekana au utapita kimya kimya.

Nianze na ya nyumbani. Mdogo wangu aliumia mpirani, hakuguswa na mtu, alikuwa anageuka na mpira mguu ukabaki umenasa kwenye mchanga mwili ukaenda, akasikia kitu kimelia ndani ya goti. Kabla ya magharibi goti lishajaa kama papai. Hospitali ya kwanza wakapiga eksirei, wakasema mfupa mzima, akapewa dawa za maumivu na bandeji, tukarudi. Wiki 3 baadae kila akishuka ngazi goti linamtoka, tukaenda kwa daktari wa mifupa na tukabeba filamu ile ile. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akanyamaza, af akamwita, "Kijana wangu, hebu sogea uone hapa." Upande wa nje wa goti, pembeni kabisa ya muundi (ule mfupa mkubwa wa chini ya goti), kulikuwa na kikipande chembamba kimesimama wima, hakizidi punje ya mchele. "Hiki kinatosha kuniambia ligamenti ya msalaba ya mbele uwezekano mkubwa imechanika. Shilingi haijaongezeka hata moja, kilikuwa humu humu siku zote."

Toka siku ile kila mtu akiniuliza apige picha gani simjibu "kapige MRI" moja kwa moja kama wengi wanavyojibu. Inategemea unatafuta nini.

Kwanza elewa mfupa unaumiaje, maana bila hapo ulinganisho wote hauna kazi. Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kugongana. Ligamenti ya msalaba ya mbele (moja ya zile mbili zinazopishana ndani ya goti) ikikatika, muundi unachomoka kwenda mbele ghafla, na ule mviringo wa mfupa wa paja upande wa nje unagonga kwa nguvu sehemu ya nyuma ya bamba la muundi (ule uso wa juu wa muundi unaobeba uzito), mfupa unavilia damu kwa ndani vile vile ngozi inavyovilia ukijigonga kwenye kona ya meza, ila hapa hauoni kitu kwa macho. Ukipiga MRI mapema baada ya ligamenti hii kuchanika, takriban watu 8 kati ya 10 unawakuta na vilio hivyo vya damu, na mara nyingi viko sehemu zile zile mbili, kimoja juu kimoja chini, vinatazamana. Wasomaji wa picha wakiona tu huo mpangilio wanajua goti lilicheza vipi. Njia ya pili ni kuvutwa. Ligamenti inavutwa kwa nguvu, na badala ya kukatika katikati (au pamoja na kukatika) kinang'oka kipande cha mfupa ilipojishika. Kama kung'oa mche na udongo wake.

Kuvilia na kung'oka ni vitu viwili tofauti kabisa, na ndio maana picha moja haitoshi kila mtu.

Sasa tuziweke sambamba.

Eksirei ni ya bei ya chini, ipo mpaka hospitali nyingi za wilaya, inachukua dakika chache, mionzi yake kwa goti ni kidogo sana. Inaona mifupa iliyovunjika wazi, inaona vipande vilivyong'oka, inaona mifupa kukaa vibaya. Haioni ligamenti, haioni meniskasi (zile pedi mbili za kati ya mifupa), na haioni kabisa mfupa uliovilia damu. Kwa hiyo mtu anaposema "eksirei yangu iko safi, sina shida ya mfupa", hapo bado. Yuko sahihi kwamba hajavunjika vibaya, lakini mfupa unaweza kuwa umejaa damu kwa ndani na eksirei isiseme chochote.

Ila msiidharau hii picha. Ile punje ya mchele ya mdogo wangu ina jina, inaitwa mvunjiko wa Segond, kwa jina la daktari mpasuaji wa Ufaransa Paul Segond aliyeuelezea mwaka 1879 kwa kuyapindisha magoti ya maiti. Angalia huo mwaka vizuri, eksirei yenyewe Röntgen aliigundua 1895, kwa hiyo yule bwana alikijua hicho kikipande miaka 16 kabla ya mtu yeyote kuweza kukipiga picha. Na leo kikionekana kwenye picha, katika watu wengi sana ligamenti ya mbele inakuwa imechanika, na meniskasi nayo mara nyingi imeguswa. Picha ya bei ndogo inakupa habari ya ligamenti ambayo haiioni. Kuna na alama nyingine, kwenye picha ya ubavuni ule mviringo wa paja unaonekana umebonyea, kikishimo kikizidi milimita 2 kwenda chini daktari anaanza kushuku ligamenti ya mbele, maana ndipo mfupa ulipogongwa.

Alama ya tatu naipenda zaidi kwa sababu inaeleweka na mtu yeyote. Mfupa ukipasuka mpaka ndani ya joint, mafuta ya uboho yanavuja na kuingia kwenye damu iliyojaa gotini. Mafuta mepesi, yanapanda juu. Ukilala chali na mashine ikapiga kutokea ubavuni, picha inaonyesha mstari ulionyooka, mafuta juu damu chini. Na daktari akiivuta hiyo damu kwa sindano anaona matone ya mafuta yanaelea kama kwenye supu ya kongoro. Ukiona hivyo, hata kama ufa wenyewe hauonekani, pana mfupa umepasuka mahali na inabidi utafutwe. Tatizo ni kwamba ukipigwa picha moja tu ya mbele, yote haya ya ubavuni unayakosa. Omba angalau mbili, ya mbele na ya ubavuni, na kama pia ya goti (kile kifupa cha mviringo cha mbele) ndio ilihama basi na ile ya kukiangalia hicho kifupa kutokea juu.

MRI ndio inayoona karibu kila kitu cha laini, ligamenti zote, meniskasi, gegedu (ule utando laini unaofunika ncha za mifupa), na ndio yenye uwezo wa kukuonyesha mfupa uliovilia damu. Kwenye zile picha maalumu ambazo mafuta yanazimwa, sehemu iliyovilia inawaka nyeupe kama wingu ndani ya mfupa mweusi. Inaona pia nyufa zilizojificha ambazo eksirei imezipita, mstari mweusi ndani ya lile wingu jeupe, na hapo jina linabadilika kutoka kuvilia kwenda kuvunjika, na mpango wa kukanyaga unabadilika nao. Haina mionzi kabisa. Ubaya wake ni bei, ni mara nyingi ya eksirei, mashine zipo zaidi miji mikubwa, unalala bila kutikisika dakika 20 mpaka 40 na kelele za kugonga gonga, na ni sumaku yenye nguvu kweli. Mwenye betri ya moyo lazima aseme mapema. Mafundi wa kuchomelea na kusaga vyuma nanyi semeni, kama kimewahi kuingia kichembe cha chuma jichoni sumaku inaweza kukivuta, wanatakiwa wakuangalie macho kwanza. Skrubu za oparesheni ya zamani mara nyingi hazizuii kupima ila zinachafua picha pale zilipo.

Siti skani watu wanaichanganya na MRI, wanadhani ni ndugu mmoja mwenye bei tofauti. Sio. Hii ni eksirei ya kuzunguka, inakata mfupa vipande vipande na kuujenga upya kwenye kompyuta, kwa hiyo kwa mfupa uliovunjika haina mpinzani. Kipande kina ukubwa gani, kimesogea milimita ngapi, bamba la muundi limezama kiasi gani, skrubu ipite wapi. Ni ya haraka mno, dakika chache tu. Lakini kuvilia kwa damu kwenye mfupa siti skani ya kawaida haikuonyeshi vizuri, na ligamenti ndio usitegemee. Ukiipiga kutafuta ligamenti ya msalaba umetupa hela, nasema kwa uchungu kabisa maana nimeona watu wamefanya hivyo kwa sababu mashine ya MRI haikuwepo karibu wakaambiwa "hii nayo inafanana". Haifanani. Na mionzi yake ni zaidi ya eksirei, ingawa kwa goti bado sio ya kutisha.

Ultrasaundi naiweka pembeni tu. Inaona maji gotini na kano za juu juu, ligamenti ya msalaba iko ndani sana na ndani ya mfupa haipenyi.

Haya sasa, uchague vipi. Unaanza na ulivyo wewe, mashine baadae.

Kabla ya yote kuna hali ambazo hakuna kuchagua wala kusubiri kesho. Mguu chini ya goti umekuwa wa baridi au umepauka, unyayo hausikii, huwezi kunyanyua kidole gumba cha mguu juu, au shavu la mguu limekaza kama jiwe na maumivu yanapanda hata baada ya dawa, au goti lilihama lote likarudi lenyewe. Nyuma ya goti unapita mshipa mkubwa wa damu na ukiumia una masaa machache tu kabla mguu haujapotea. Hapo ni hospitali kubwa usiku huo huo, wapime mapigo ya mguuni, na hapo siti skani ya mishipa ya damu inaweza ikatangulia picha zote, na mkiona mtu anawaletea habari ya kukandwa na maji moto kwanza mkatalieni kwa heshima lakini mkatalieni.

Kama sio hivyo, swali la kwanza ni unahitaji hata eksirei? Madaktari wa Ottawa, Canada, miaka ya 1990 walitengeneza vigezo rahisi ambavyo vinatumika mpaka leo. Umri 55 au zaidi. Ukibonyeza kichwa cha ule mfupa mwembamba wa nje chini ya goti panauma. Ukibonyeza pia ya goti panauma hapo peke yake. Huwezi kukunja goti kufika nyuzi 90. Huwezi kutembea hatua 4, si pale ulipoumia wala ulipofika hospitali, hata za kuchechemea. Kimoja kikiwepo, piga eksirei. Kisipokuwepo hata kimoja uwezekano wa kuwa umevunjika ni mdogo sana. Ila mi binafsi kwenye goti lililojaa ndani ya masaa machache tu baada ya kuumia bado napendelea eksirei ipigwe, maana kujaa haraka hivyo mara nyingi ni damu, tofauti na lile linalojaa kesho yake, na hii picha haimfilisi mtu.

Eksirei ikionyesha mvunjiko wa bamba la muundi, yani pale juu unapobeba uzito wote, inayofuata ni siti skani, hapo usikimbilie MRI. Mpasuaji anataka kujua pamezama kiasi gani. MRI inaweza ikaja baadae kwa ajili ya ligamenti na meniskasi, na mara nyingi zinakuwa zimeumia, lakini mfupa kwanza. Na hapa usikanyage kabisa mpaka uambiwe, ufa usiosogea unaweza ukasogea kwa sababu tu ulitaka kwenda chooni bila magongo.

Eksirei ikionyesha punje kama ya mdogo wangu, kichukulie kama barua ya kukupeleka MRI. Kile kipande chenyewe kwa kawaida hakifungwi skrubu, ni kidogo mno, kinachotafutwa ni kilichochanika ndani.

Watoto na vijana wadogo ni habari nyingine, na hapa wazazi naomba mnisikilize sana. Mtoto wa miaka 8 mpaka 14 kaanguka na baiskeli, goti limejaa, halinyooki. Kwa umri huo mfupa haujakomaa, ligamenti inaushinda nguvu, kwa hiyo badala ya ligamenti kukatika kinang'oka kile kichomozo cha muundi ilipojishika. Eksirei ya ubavuni inaonyesha vizuri. Meyers na McKeever mwaka 1959 waliyagawa haya kwa jinsi kipande kilivyosogea, na hesabu yao ndio inaamua mpaka leo: kisiposogea, anafungwa POP (plasta ngumu) goti likiwa limenyooka na mara nyingi inatosha. Kikinyanyuka kidogo upande mmoja, daktari anajaribu kukirudisha kwa kunyoosha goti, kisiporudi ni oparesheni. Kikiachana kabisa, kinafungwa kwa skrubu au uzi. Kwa mtoto huyu kumwambia mzazi "ni kuteguka tu, kamkande" ni kumwibia goti lake, maana kipande kikiungana kikiwa kimenyanyuka goti linaweza lisinyooke tena sawasawa. MRI kwake ina maana, kuona kama meniskasi haijanasa chini ya kipande.

Halafu bodaboda. Dereva kagongwa au kaanguka goti likiwa limekunjwa, muundi ukasukumwa kwenda nyuma, anaumia ligamenti ya msalaba ya nyuma, na kwenye ajali za pikipiki sio ajabu ikang'oka na kipande cha mfupa nyuma ya muundi. Kwenye picha ya mbele unaweza usikione kabisa, ile ya ubavuni ndio inakitoa. Kikiwa kimesogea hii ni ya kuwahi, siti skani ikapigwa kujua ukubwa, kikafungwa na skrubu ndani ya wiki za mwanzo, mfupa kwa mfupa unashika vizuri. Ukikaa nacho miezi, kazi inakuwa ngumu zaidi. Na kama kimeng'oka kipande kwenye kichwa cha ule mfupa mwembamba wa nje, mwambie daktari aangalie unyayo, kuna neva inapita hapo hapo inayonyanyua mguu, na kona ya nyuma ya goti inakuwa imefunguka, hiyo nayo haisubiri.

Wanaobaki ndio wengi, eksirei haina kitu, goti limejaa, unakanyaga kwa shida. Hapa ndio watu wanauza simu wapige MRI siku hiyo hiyo. Kama hela ipo au bima inalipa, piga, hakuna ubaya na vilio vya damu vinaonekana vizuri zaidi mapema. Kama haipo, pumzisha goti, barafu, magongo, rudi kwa daktari wa mifupa siku 7 mpaka 14 baadae, maumivu yakipungua anaweza kulipima kwa mikono yake, analikunja kidogo nyuzi 20 au 30 na kuvuta muundi mbele, mkono uliozoea unakamata ligamenti iliyokatika vizuri tu. Kisha MRI mnaipanga kwa sababu inayojulikana: goti linakutoka, limejifunga halinyooki, unafikiria oparesheni, au maumivu ya mfupa hayaishi. Likiwa limejifunga usingoje, meniskasi inaweza kuwa imenasa. Haraka ya kuunganisha ligamenti ya mbele yenyewe sio kubwa kama tunavyotishana, Sweden walishafanya utafiti uliotoka 2010 kwa vijana 121, wengine wakafanyiwa oparesheni mapema, wengine wakaanza mazoezi na oparesheni ikabaki kwa atakayehitaji, baada ya miaka 2 magoti hayakutofautiana cha maana, na zaidi ya nusu ya wale wa mazoezi walikuwa bado hawajaihitaji.

Na MRI ikirudi na maneno kwamba mfupa umevilia, usizimie. Sio saratani, sio kuoza, watu wamenipigia wanalia kwa sababu ya neno moja kwenye ripoti. Hakuna dawa yake wala oparesheni, unapunguza uzito kwa kufuata maumivu, unafanya mazoezi yasiyogonga, baiskeli ya mazoezi isiyotembea, maji kama unajua kuogelea, kukimbia na kuruka vinangoja. Kwa wengi lile wingu linafutika ndani ya miezi michache, wengine inavuka mwaka bado kuna kivuli kwenye picha na mtu anatembea fresh. Cha kuangalia ni kama wingu limefika mpaka juu ya mfupa na gegedu limebonyea au limepasuka, hilo muulize daktari wazi wazi, kwa sababu ndilo linaloweza kukuletea goti bovu miaka ya mbele.

Mdogo wangu alipiga MRI, ligamenti imekatika, meniskasi ya nje ina mpasuko mdogo, na yale mawingu mawili yanatazamana kama yalivyoelezwa. Miezi 4 ya fizio kwanza ndio akafanyiwa oparesheni. Ile filamu ya eksirei bado anayo kabatini, kwenye bahasha yake ya kaki. Nanyi ukipiga picha yoyote usikubali kuondoka na karatasi ya ripoti peke yake, omba filamu au CD, andika tarehe juu, na daktari wa pili mpe picha yenyewe aisome kwa macho yake.